Chatne ya kranberi kwa Sikukuu ya Shukrani, na vikwaruzo vya kuitengenezea

Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani wanapokaa kula bata mzinga, mezani huwa kuna bakuli la kitu chekundu kinachowashangaza wageni wengi wanaotoka kwetu. Wengine hudhani ni jamu iliyowekwa hapo kwa makosa. Ni kranberi, tunda dogo la huku, na kazi yake ni ile ile ya kachumbari kando ya pilau, au ya chatne ya ukwaju kando ya bajia: kuleta uchachu unaoamsha ulimi, ili nyama nzito na viazi vyenye siagi viteremke vizuri. Ndiyo maana mimi naiita chatne, na ndivyo ninavyoitengeneza.

Naishi Massachusetts, na kila Novemba naiandaa kwa ajili ya nyumba yangu na majirani. Nimejaribu kwa mashine ya umeme ya kukatakata vyakula, kwa kisu, na kwa mashine ya mkono ya kusagia nyama. Zote zinafaa kwa kiasi chake. Lakini kitu kinachoifanya chatne inukie hata kabla hujaionja hakitoki kwenye kranberi. Ni ganda la juu la chungwa na tangawizi mbichi, vyote vimekwaruzwa kwa kifaa kikali. Kikwaruzo kikiwa butu unapata ganda chungu na nyuzi za tangawizi zinazokwama kwenye meno. Kwa hiyo nitaanza na vikwaruzo, kisha twende kwenye tunda.

Vikwaruzo viwili vinatosha

Wengine huviita greta, wengine vikunio. Sisi tuliokulia karibu na mbuzi ya nazi tunaijua kazi hii tangu utotoni: meno ya chuma yametulia, wewe umekalia kibao chake, kifuu kinazunguka mikononi. Kanuni ni hiyo hiyo. Meno yasitikisike, na uzito wa mwili usaidie mkono.

Cha kwanza ni kikwaruzo cha pande nne, kile kinachosimama kama mnara mdogo wenye mpini juu. Upande wenye matundu makubwa ndio utakaoutumia zaidi: tufaha, karoti, embe bichi, jibini. Matundu madogo ni ya tangawizi na kitunguu saumu ikiwa huna kifaa kingine. Upande wenye vijimeno vilivyochomoza kama nyota huchana badala ya kukata; unafaa kwa kungumanga au jibini kavu sana, lakini chungwa ukilipitisha hapo nusu ya ganda linabaki limenasa. Upande wa nne wenye mpasuo ni wa kukata vipande vyembamba, na ndio unaojeruhi watu wengi. Uogope.

Dukani, usikinunue kabla hujakibonyeza. Kiweke juu ya kaunta, kandamiza mpini kwa kiganja, kisukume kidogo pembeni. Kikiyumba au kikikunjamana, kirudishe. Chagua cha chuma kisichoshika kutu, na chenye mpira chini ikiwezekana. Kisha pitisha kidole taratibu, kwa uangalifu, kwenye mdomo wa tundu moja: tundu zuri lina ukingo unaouhisi.

Cha pili ni chembamba na kirefu, mfano wa tupa ya seremala. Kufanana huko kuna asili yake. Mwaka 1994, huko Ottawa, Kanada, mama mmoja aliyeitwa Lorraine Lee alikuwa akioka keki ya machungwa, na kikwaruzo chake cha zamani kikamchosha. Akachukua tupa mpya ya kusugulia mbao iliyokuwapo dukani kwao, maana yeye na mumewe walikuwa na biashara ya zana za useremala, akaipitisha juu ya chungwa. Ganda likadondoka kama theluji. Tupa hiyo ilikuwa imetengenezwa Marekani na watu wa kampuni ya Microplane, na waliokusudia kuwauzia maseremala wakajikuta wanauza kwa wapishi. Meno yake hayakutobolewa kwa kugongwa kama yale ya vikwaruzo vya kawaida. Yamechongwa kwa kemikali, na kila moja ni wembe mdogo.

Ukiwa na fedha ya kununua kimoja tu, nunua hiki cha pili. Tufaha unaweza kulikatakata kwa kisu. Ganda la chungwa huwezi kulipata vile kwa kitu kingine chochote.

Kipo pia kile cha kuzungusha kwa mkono, chenye pipa dogo ndani na mpira wa kunata mezani. Kina raha kwa karoti nyingi na karanga. Kwa kazi ya leo si lazima.

Tunda lenyewe

Kranberi ni tunda dogo la mviringo, saizi ya zabibu, rangi ya damu ya mzee likiiva sawasawa. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pwani hii ninayoishi, walilila kwa karne nyingi kabla meli za Waingereza hazijafika. Linatambaa chini, kwenye ardhi ya majimaji yenye mchanga. Mwaka 1816, Henry Hall, askari wa zamani wa Vita vya Mapinduzi ya Marekani, aliona huko Dennis, Cape Cod, hapa hapa Massachusetts, kwamba mimea iliyofunikwa kidogo na mchanga uliopeperushwa na upepo ilizaa vizuri zaidi. Akaanza kuipanda na kuiwekea mchanga kwa makusudi. Wakulima wanafanya hivyo mpaka leo, ingawa sasa jimbo la Wisconsin ndilo linalotoa zaidi ya nusu ya zao lote la Marekani.

Lipasue moja uone: ndani kuna vyumba vinne vya hewa. Kwa sababu ya hewa hiyo tunda huelea, na ndiyo maana mwezi wa Oktoba mashamba hufurikishwa maji, matunda yakatapakaa juu kama zulia jekundu, yakakusanywa. Hayo huenda zaidi kwenye juisi na makopo. Yale ya mifuko, unayoyanunua mabichi, kwa kawaida huvunwa pakavu ili yakae muda mrefu.

Hewa hiyo hiyo hufanya tunda zima lidunde. Watu wa New Jersey husimulia habari za John Webb, mkulima mwenye mguu wa mti, aliyekuwa akimwaga kranberi zake juu ya ngazi: nzima zilidunda hadi chini, mbovu zikabaki njiani. Watoto wangu hufanya kazi hii mezani, na hakuna kazi ya jikoni wanayoipenda kuliko hiyo. Inayodunda inaingia bakulini. Inayoanguka pwaa, inatupwa.

Ladha yake ina mambo mawili, na ni muhimu kuyatenganisha. Kuna uchachu, ambao sukari inautuliza mara moja. Na kuna ukakasi, ule wa ndizi mbichi, unaokausha ulimi na fizi. Ukakasi hauondoki kwa sukari. Unapungua kwa muda, chatne ikikaa. Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza: niliionja pale pale, nikaona bado inakaba, nikaongeza sukari, nikaonja tena, nikaongeza tena. Kesho yake ikawa tamu kupita kiasi na haikuliwa. Jirani yangu, mama mtu mzima kutoka Bukavu aliyetangulia kufika hapa miaka mingi, aliionja akanyamaza, halafu akaniambia, "Mwanangu, hii kitu iache ilale kwanza." Tangu siku hiyo nailaza.

Vitu vya kuandaa

Kwa watu wanane hadi kumi, andaa mfuko mmoja wa kranberi mbichi. Mifuko mingi ya hapa ina gramu 340, sawa na vikombe vitatu hivi. Chungwa moja kubwa. Tufaha moja la kijani, lile chachu lenye nyama ngumu. Kipande cha tangawizi cha sentimita tatu. Sukari gramu 150, yaani robo tatu ya kikombe cha kupimia. Chumvi kidogo sana, ya kubana kwa vidole viwili. Mimi huongeza kungumanga, mikwaruzo mitatu minne tu, na nusu ya pilipili mbuzi ya kijani iliyotolewa mbegu. Pilipili si desturi ya Wamarekani wengi, lakini tangu nianze kuiweka bakuli hurudi tupu.

Nunua mapema. Kranberi mbichi huonekana madukani kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba, kisha zinapotea. Zinakaa kwenye friza miezi mingi bila kuharibika, na huhitaji kuziyeyusha kabla ya kuzitumia. Mifuko minne ya Novemba inanifikisha Krismasi, na ukibaki mmoja unasubiri Idi. Walioko Kanada wawahi zaidi, maana sikukuu yao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Tengeneza Jumanne

Sikukuu ni Alhamisi. Chatne itengenezwe Jumanne jioni. Siku mbili za kulala ndizo zinazoikamilisha, na Jumatano jiko lina kazi nyingine.

Hatua ya 1. Chambua kranberi, toa vijiti na zilizolainika, zioshe, zikaushe kwa taulo safi. Zitandaze kwenye sinia na uziweke kwenye friza kwa nusu saa au zaidi. Usiiruke hatua hii. Zikiwa na joto la kawaida huruka ovyo chini ya kisu na kumwaga maji mekundu kila mahali. Zikiwa zimeganda zinatulia, zinakatika vipande safi.

Hatua ya 2. Sugua chungwa kwa maji ya moto na brashi. Machungwa mengi ya dukani yamepakwa nta, na nta hiyo hutaki iingie kwenye chakula.

Hatua ya 3. Kwaruza ganda. Hapa fanya kinyume cha mbuzi ya nazi: chungwa ndilo litulie mkononi, na kikwaruzo kitembee juu yake, kama fundi anayepiga tupa. Kishike meno yakitazama chini ili ganda likusanyike mgongoni, ambapo unaliona. Gusa kwa wepesi. Pitisha mara moja au mbili mahali pamoja, kisha zungusha chungwa. Mafuta yenye harufu yako kwenye ngozi ya rangi peke yake. Chini yake kuna sehemu nyeupe kama sifongo, na hiyo ni chungu. Ukiona weupe, umeshapita, hamia pengine. Chungwa moja kubwa litakupa kama kijiko kimoja cha chakula.

Mapishi mengi ya zamani ya Marekani yanasaga chungwa zima, ganda na weupe wake, pamoja na kranberi. Nimeipika hivyo. Uchungu wake unabaki nyuma ya koo na kuifunika tangawizi. Afadhali ganda la juu likwaruzwe, weupe umenywe kwa kisu na kutupwa, kisha nyama ya chungwa ikatwe vipande vidogo bila mbegu.

Hatua ya 4. Menya tangawizi kwa ncha ya kijiko. Inatoa ngozi bila kula nyama. Ikwaruze kwa kukata nyuzi kwa upana, usifuate urefu wake. Nyuzi zitabaki upande wa juu kama ndevu, utazitupa, na chini utapata rojo safi yenye maji yake. Kama tangawizi yako ni ya zamani na imekauka, igandishe kwanza kwenye friza. Ikiwa ngumu inakwaruzika bila kuchanika.

Hatua ya 5. Tufaha lioshe, usilimenye. Kunja kitambaa kibichi, kiweke chini ya kikwaruzo cha pande nne ili kisiteleze. Mkono wa kushoto ukandamize mpini, wa kulia ushushe tufaha kwenye matundu makubwa. Sukuma kwa kiganja kilichonyooka, vidole vikiwa nyuma. Ukifika karibu na kokwa, acha. Kipande cha mwisho kile mwenyewe. Kidole kina thamani kuliko tufaha. Kama unakwaruza vingi siku hiyo, karoti za saladi na jibini la makaroni, nunua glovu ya kuzuia kukatwa. Ni bei ndogo, nami siifanyi kazi hiyo bila yake.

Hatua ya 6. Sasa kranberi. Usijaribu kuzikwaruza moja moja, ni ndogo mno na utaumia. Kwa kisu kikubwa, zikate kwenye sinia lenye kingo, ukipeleka kisu kama unavyokata sukuma wiki, mpaka kipande kikubwa kiwe saizi ya punje ya mchele. Ukiwa na ile mashine ya mkono ya kusagia nyama inayofungwa pembeni mwa meza, itumie na sahani ya matundu makubwa. Hiyo ndiyo zana ya asili ya chatne hii hapa Marekani, na weka bakuli chini maana maji yatatiririka. Ukitumia mashine ya umeme ya kukatakata vyakula, bonyeza na kuachia mara nane hadi kumi, halafu simama. Blenda ya juisi iache kabisa. Inatoa uji.

Hatua ya 7. Changanya vyote kwenye bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini zisiguse kitu hiki: uchachu wa kranberi hula alumini na chatne hupata ladha ya chuma. Tufaha liingie mara tu linapokwaruzwa, lisije likabadilika rangi. Sukari, chumvi, kungumanga, pilipili. Koroga, funika, weka kwenye friji.

Onja kidogo kama unataka, lakini usirekebishe kitu. Usiku huo sukari itavuta maji ya tunda, vipande vitalainika na kung'aa, na ule ukakasi utashuka. Jumatano jioni ndiyo onja kwa uamuzi. Kama bado ni chachu mno, ongeza kijiko kimoja cha sukari, koroga, ngoja mpaka asubuhi.

Osha kikwaruzo kabla hujakaa

Kikwaruzo kilichoachwa usiku kucha kinahitaji kusuguliwa mara nne ya kilichooshwa papo hapo. Kipitishe chini ya bomba maji yakitokea upande wa nyuma, yasukume mabaki nje. Tumia brashi, ukifuata njia ya meno. Sponji itachanika na vipande vyake vitabaki kwenye matundu. Usikifute kwa kitambaa. Kisimamishe kikauke chenyewe. Na usikitupe kwenye droo pamoja na vijiko, kwa sababu meno yanagongana na vyuma yanakufa. Kile chembamba huja na ala yake ya plastiki. Itunze.

Mashine ya nyama ya chuma ifunguliwe yote, ioshwe na kukaushwa siku hiyo hiyo, la sivyo asubuhi utakuta kutu.

Kwa wasiopenda mbichi

Wazee wengi, na watoto wengine, wanapenda ya kupikwa. Ni rahisi na inachukua robo saa. Kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu chemsha kikombe kimoja cha maji na kikombe kimoja cha sukari, mimina mfuko mzima wa kranberi, punguza moto. Baada ya dakika chache utazisikia zinapasuka. Acha kwa dakika kumi, ukikoroga kwa mwiko, kisha ipua ikiwa bado inaonekana nyepesi. Itashikana yenyewe ikipoa, kwa sababu tunda hili lina pektini nyingi, kile kitu cha asili kinachogandisha jamu. Ganda la chungwa na tangawizi viingie baada ya kuipua. Moto mrefu unafukuza harufu uliyoihangaikia.

Mezani, na siku zinazofuata

Itoe kwenye friji nusu saa kabla ya kula, maana baridi kali inaficha harufu. Iweke karibu na bata mzinga, lakini usiifungie hapo. Nyumbani kwangu sikukuu haiwezi kupita bila pilau, na chatne hii kando ya pilau ya nyama ya ng'ombe imekaa mahali pa kachumbari bila ugomvi. Inapendeza pia na kuku wa kuchoma na muhogo wa kukaanga. Ijumaa, mkate, nyama iliyobaki, kijiko cha chatne, umepata mlo.

Kwenye chupa safi ya kioo yenye kifuniko inakaa wiki moja katika friji, ukichota kwa kijiko kikavu. Inayobaki igandishe kwenye vikopo vidogo.

Na kwa mnaosoma mkiwa Tanga, Mombasa au Kigoma, msihangaike kutafuta tunda la ng'ambo. Chukueni embe bichi mbili ngumu, mzimenye, mzikwaruze kwenye matundu makubwa, halafu mfuate hatua zilizobaki kama zilivyo: ganda la chungwa au la ndimu, tangawizi, sukari nusu ya ile niliyoitaja, chumvi kuongezeka kidogo, pilipili mbuzi. Embe halina ukakasi wa kranberi, kwa hiyo saa mbili za kulala zinatosha, na unaweza kuitengeneza asubuhi ile ile ya sikukuu wakati wali unakauka.